Kompyuta ya Ofisi: Fundi Aitwe, au Inunuliwe Nyingine?

Kwa macho ya mteja anayetafuta kompyuta ya mtumba Kariakoo au Luthuli Avenue, HP EliteBook 840 G3 na G5 hazipishani sana. Zote ni nyembamba, rangi ya fedha, na muuzaji huzisifu kwa ulimi uleule. Lakini ya kwanza ina prosesa ya Intel ya kizazi cha sita, ya pili kwa kawaida ya kizazi cha nane, na kati ya vizazi hivyo Windows 11 inakubali rasmi cha nane tu. Tangu Microsoft ilipofunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, tofauti hiyo ndiyo inayoamua mashine ipi inastahili fedha ya fundi.

Kampuni inayong'ang'ania Windows 10 inaweza kulipia masasisho ya usalama kwa miaka mitatu: dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, kisha 122, kisha 244. Jumla dola 427. Fedha hiyo hununua G5 iliyotumika na chenji ikabaki. Ofisi ambayo kazi zake zote zinafanyika kwenye kivinjari inaweza kuhamia Linux bila gharama, ila mhasibu anayetegemea programu ya uhasibu ya Tally hana wepesi huo.

Mashine ikishavuka kizingiti hicho cha Windows 11, ndipo uchunguzwe ugonjwa wenyewe. Malalamiko makubwa ofisini ni kwamba kompyuta imekuwa nzito, na mara nyingi lawama huiendea prosesa isiyo na kosa. Mchawi ni hadidiski ya zamani, ile yenye sahani zinazozunguka: kila faili linapotakiwa, kichwa chake husafiri kulitafuta kwa takriban milisekunde 10, huku SSD ikilifikia kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Kufunga SSD na kuongeza RAM kutoka GB 4 hadi 8 au 16 hubadilisha kabisa mwendo wa kompyuta ambayo mwenyewe alishaikatia tamaa. Hayo ni matengenezo ya kufanya bila kusita.

Kisa kingine mafundi wanakijua vizuri. Umeme ukikatika, kompyuta ya mezani ikiwashwa tena inasoma tarehe ya miaka mingi iliyopita. Kwa kuwa vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kivinjari kinakataa kufungua tovuti ya benki au ya kodi, na mwenye ofisi anaambiwa kompyuta yake ina virusi. Dawa ni betri ya CR2032, kidude cha duara kinachopatikana hata kwa mafundi saa.

Mazabodi ni habari nyingine. Iliyopigwa na umeme inaweza kufufuliwa kwa kubadilishwa chipu, lakini hitilafu iliyounguza sehemu moja huenda imedhoofisha na nyingine. Kwa mashine ya kaunta ya mauzo, hiyo ni bahati nasibu.

Kanuni ya nusu bei inapendwa sana: matengenezo yakizidi nusu ya bei ya kompyuta mbadala, nunua. Ni mwanzo mzuri, ila ina tundu, kwa sababu haihesabu siku ambazo keshia amekaa akiandika risiti kwa mkono, wala haiulizi kompyuta imesharudi kwa fundi mara ngapi mwaka huu. Wala vitabu vya kodi havitoi jibu. Tanzania huzishusha thamani kompyuta kwa asilimia 37.5 ya kiasi kilichobaki kila mwaka, hivyo iliyonunuliwa shilingi milioni 2 husomeka takriban 488,000 baada ya miaka mitatu. Hiyo ni hesabu ya mamlaka ya mapato. Kompyuta yenyewe huenda bado ina miaka minne ya kazi.

Uamuzi ukiwa ni kununua nyingine, ile ya zamani isiuzwe wala kugawiwa na diski yake ndani. Kufuta mafaili na kumwaga pipa la taka la Windows hakuhakikishi kuwa data imeondoka, na programu za bure zinaweza kurudisha majina ya wateja na mishahara ya wafanyakazi. Ing'oeni diski kwanza, au mwambieni fundi aifute yote kwa programu maalumu mbele yenu.