Kwa Nini Dawa za Kifua Kikuu Huunganishwa

Mkulima wa chai au ndizi wilayani Rungwe aliyeugua kifua kikuu cha kawaida hupewa dawa nne kwa pamoja kwa miezi 2, kisha mbili kati ya hizo kwa miezi 4. Baada ya majuma machache kikohozi hupungua na uzito huanza kurejea. Jirani humwona amepona. Kwa nini basi aendelee kushuka Tukuyu kufuata vidonge, tena vya aina zaidi ya moja?

Sababu mojawapo ni ya hesabu. Pango moja katika pafu laweza kuwa na bakteria milioni 100 au zaidi. Katika kila milioni, yupo kama mmoja asiyedhurika na isoniazidi. Kwa rifampisini ni mmoja katika milioni 100. Dawa moja ikitumiwa peke yake huua wengine na kuwaachia hao wachache nafasi ya kuzaliana. Uwezekano wa bakteria mmoja kuhimili dawa zote mbili hupatikana kwa kuzidisha, nao ni mdogo mno.

Lakini kuzuia usugu si kuponya. Jambo hilo lilidhihirika katika majaribio ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati tiba ya kawaida ilipochukua miezi 18. Wagonjwa walipewa streptomaisini na isoniazidi kwa miezi 6. Makundi yalitofautiana kwa dawa ya tatu. Wasioongezewa kitu, 29 katika kila 100 walirudiwa na maradhi baada ya tiba. Walioongezewa thiasetazoni walikuwa 22, pirazinamidi, 8, rifampisini, 3 tu, sawa na wale wa miezi 18. Pirazinamidi na rifampisini huwafikia bakteria waliolala, ambao dawa nyingine huwapita.

Mbeya, kilomita kama 70 kutoka Tukuyu, ilishiriki katika majaribio ya kimataifa ya moksifloksasini yaliyotangazwa mwaka 2014. Makohozi yalisafika mapema zaidi, na ilikuwa rahisi kudhani kwamba miezi 4 yatosha. Haikutosha: waliofanikiwa walikuwa asilimia 85 na 80 katika makundi mawili ya miezi 4, dhidi ya 92 kwa miezi 6. Mafanikio ya miezi 4 yalipatikana katika majaribio mengine, mwaka 2021, rifapentini iliposhika nafasi ya rifampisini na moksifloksasini ile ya ethambutoli.