Tela la pawatila: pima njia yako kabla ya kuuliza tani



Wiki iliyopita kijana mmoja wa hapa Suguti alinipigia simu. "Bwana shamba, nimepata tela la pawatila, linabeba tani mbili. Nilipie?" Nikamuuliza, mihogo yako inapita wapi mpaka barabara kubwa? Kimya.

Mabondeni karibu na Mto Suguti tunatembea kwenye udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi unapasuka, masika unanata kama gundi. Tela fupi linalala tumbo, na hapo utashusha magunia yote kwa mgongo wako. Basi nenda na utepe, pima kutoka ardhini hadi kwenye ekseli. Mimi chini ya sentimita 35 sichukui. Tairi ziwe pana, na uulize kabisa kama saizi hiyo inapatikana Musoma mjini, maana pancha haichagui siku ya soko.

Halafu breki. Hapa nisikilizeni vizuri.

Mwaka juzi nilipanda juu ya magunia, tunateremka kwenye korongo. Tela halikuwa na breki; lilichomelewa hivyo ili bei ishuke. Mzigo ukaanza kuisukuma pawatila. Dereva akabana klachi ya kushoto ili akate kushoto, mashine ikakata kulia! Si uchawi. Kwenye tambarare ukibana klachi ya kushoto, gurudumu la kushoto linakosa nguvu, la kulia linazungusha mashine kwenda kushoto. Kwenye mteremko injini ndiyo inayozuia mzigo, kwa hiyo gurudumu uliloliachia linakimbia mbele, na mashine inageukia upande wa pili. Tuliishia kichakani, mimi chini ya magunia. Mguu uliniuma wiki tatu.

Kwa hiyo tela lisilo na breki ya mguu, liache hata kama ni nusu bei. Na kabla ya mteremko weka gia nzito ukiwa bado juu, usiguse klachi za pembeni, ongoza kwa mikono.

Upakiaji nao: uzito ukae mbele kidogo ya ekseli. Ukijaza nyuma, kiungo kinanyanyuka na pawatila inakosa mshiko kwenye tope.

Yule kijana alirudi na utepe wake. Sentimita 28, breki hakuna. Sasa hivi anabishana na fundi gharama za kuliinua na kufunga breki. Hela bado hajatoa.