Damu Mgongoni mwa Ng'ombe: Si Mwiba Wala Kupe

Ndugu wafugaji wa Karagwe na Kyerwa, leo tunazungumzia ng'ombe anayetoka damu mgongoni bila kuchomwa na kitu.

Wengi wetu husema ni mwiba au kupe. Ng'ombe hupelekwa josho, na kesho damu inatoka tena. Je, matone yanatoka shingoni, mabegani au mgongoni, hasa jua likiwaka, na jeraha halionekani? Basi huenda ni mnyoo wa ngozi aitwaye Parafilaria. Ugonjwa huu unajulikana Afrika Kusini, na hata kwa majirani zetu wa Rwanda na Burundi.

Mnyoo jike, mwenye urefu wa sentimeta 4 hadi 6, hukaa chini ya ngozi. Akitaka kutaga hutoboa ngozi, na mayai hutoka pamoja na damu. Nzi wa malishoni hunywa damu hiyo na kumeza mayai. Baada ya majuma mawili hivi, nzi huacha viluwiluwi vya mnyoo machoni au kidondani mwa ng'ombe mwingine. Damu huonekana miezi 7 hadi 10 baadaye. Kwa hiyo ng'ombe uliyemnunua akionekana mzima, huenda anao tayari.

Hasara iko machinjioni. Nyama chini ya ngozi huwa kama imepigwa rungu, yenye rangi ya manjano na kijani. Hukatwa na kutupwa.

Josho halimfikii mnyoo, kwani yuko ndani. Kinachomfikia ni sindano ya ivermektini, dawa ya mifugo tangu 1981. Wagunduzi wake, Satoshi Ōmura na William Campbell, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa ya asilimia 1 huchomwa chini ya ngozi, mililita 1 kwa kila kilo 50 za uzito. Usikisie, mwite Bwana Mifugo. Ng'ombe anayekamuliwa asichomwe. Wa kuchinjwa achomwe mapema, maana nyama huhitaji kama siku 70 kupona.

Na nzi je? Huzaliana katika kinyesi kibichi. Zoa kinyesi zizini kila siku, kilundike shimoni na kukifunika. Joto la lundo litaua funza wa nzi, na migomba yako itapata samadi.

Haya, ndugu zangu, kesho asubuhi kagueni migongo. Kwaherini mpaka juma lijalo.