Sampu Inayovuja Haihitaji Silikoni Nyingi

Wenye magari wengi wakiona doa jeusi pale gari lilipolala, huongeza oili na kuendelea na safari. Doa likizidi, gari hupelekwa gereji. Fundi huingia chini, huchungulia na kusema: "Sampu inavuja, tupige silikoni." Baada ya saa moja gari limetoka, baada ya mwezi doa limerudi palepale, na silikoni imesingiziwa kuwa feki. Mara nyingi silikoni haina kosa. Kosa ni uchafu ilipopakwa na muda ilionyimwa.

Sampu ni bakuli lililofungwa chini kabisa ya injini. Oili yote hurejea humo, kisha pampu huivuta kupitia chujio la waya na kuirudisha juu kwenye beringi. Kwa kuwa ipo chini, sampu hulowa hata kwa makosa ya wengine. Oili inaweza kuwa imetoka kwenye mfuniko wa tapeti, swichi ya presha, sili ya krenki au filta iliyolegea, ikateremka na kuning'inia kwenye ukingo wake. Kwa hiyo usifungue kitu kwanza. Osha injini, ikauke, liendeshe gari siku moja au mbili, kisha mulika kwa tochi ukianzia juu. Palipolowa juu kuliko kwingine kote ndipo penye ugonjwa. Kagua pia njia ya kupumulia ya injini: ikiziba, presha ya ndani husukuma oili itoke hata kwenye sampu iliyofungwa vizuri.

Baadhi ya watu hudhani silikoni ni dawa ya dharura ya kukwepa kununua gasketi. Sivyo. Injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye Vitz na Probox nyingi za barabara zetu, haina gasketi ya sampu. Tangu kiwandani sampu yake hufungwa kwa silikoni. Ila silikoni ya injini si ile ya kuzibia sinki. Silikoni ya nyumbani yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hushambulia chuma. Nunua tyubu iliyoandikwa kuwa inahimili oili na ni salama kwa sensa ya oksijeni.

Silikoni hii haikauki kama rangi. Huvuta unyevu wa hewani na kugeuka mpira, ikianzia nje kuelekea ndani. Ndiyo maana katika joto na unyevunyevu wa Dar es Salaam au Mombasa hushika ngozi upesi kuliko mahali pakavu. Haishiki penye mafuta, hata kama ni utando usioonekana kwa macho. Mambo haya mawili ndiyo yanayoongoza kazi yote.

Mwaga oili, kisha gari lisimame juu ya stendi za chuma. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee, wala usiamini matofali; hupasuka bila kutoa taarifa. Fungua bolti na ubandue sampu taratibu kwa ubapa mwembamba, kwani bisibisi ikitumiwa kama mtaimbo hupinda ukingo na kuchimba alumini ya injini. Kwangua silikoni ya zamani yote, juu na chini, kwa kikwanguo cha plastiki. Usitumie mashine ya kusaga: vumbi lake likiingia kwenye oili hula beringi. Safisha na lile chujio la waya. Ukingo wa sampu ukiwa umevimba kwenye matundu ya bolti, dalili ya kukazwa kupita kiasi, ugonge taratibu juu ya ubao hadi unyooke.

Iache injini ichuruzike, hata usiku kucha ikibidi. Kisha futa pande zote mbili kwa thina na kitambaa cheupe, hadi kitambaa kitoke cheupe. Vifaa vyote viwe karibu ndipo ufungue tyubu. Paka uzi mmoja usiokatika, unene wa milimita 3 hadi 4, upite upande wa ndani wa matundu ya bolti.

Hapo ndipo wengi hukosea kwa kuongeza "kidogo cha uhakika". Silikoni ikibanwa hutoka pande mbili. Ya nje unaiona na kuifuta. Ya ndani hubaki imening'inia kama minyoo, hukatika na kuvutwa na pampu hadi kwenye chujio. Chujio likiziba, oili haipandi, na injini hunoki. Mtu alikwenda kuziba doa, akarudi na deni la injini.

Inua sampu moja kwa moja bila kuiburuta, ndani ya dakika chache. Ingiza bolti zote kwa vidole, kisha zikaze kwa zamu, upande huu na upande wa pili. Bolti hizi za spana namba 10 zinahitaji nyutoni mita 10 hivi tu, nguvu ya kiganja na si ya bega. Halafu ngoja. Tyubu nyingi hutaka saa 24 silikoni iive kabisa. Soma yako na uifuate kabla ya kutia oili na kuwasha injini.

Ewe mwenye gari, saa hizo 24 ni zako kuzitoa. Usimsimamie fundi ukimharakisha, wala usimlipe kwa kukupa gari siku hiyohiyo. Akikuambia uje kulichukua kesho, mshukuru: ameiheshimu injini yako.