Ukilala juu ya Ziwa Kivu, chini yako kuna nini?

Fikiria umepanga chumba ndani ya boti-nyumba kwenye Ziwa Kivu, mpakani mwa Rwanda na Kongo. Saa tatu usiku, nahodha amezima injini. Maji yametulia tuli, milima imekuzunguka, na kwa mbali unaona taa za wavuvi wa sambaza. Halafu mwenzako anakwambia: "Unajua hapa chini kuna gesi ya kuua mji mzima?" Usingizi kwisha! Je, ni kweli? Na ushuke ukalale nchi kavu?

Kwanza, ni kweli. Ziwa hili liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kinakaribia mita 480. Kwenye maji ya chini kumeyeyuka takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani, kama tungezipima zikiwa nje, hewani. Kaboni dioksidi nyingi inatokana na volkano za eneo hilo. Methani hutengenezwa na vijidudu vinavyoishi pasipo oksijeni.

Sasa, mbona gesi hiyo haitoki? Chukua chupa ya soda. Ikiwa imefungwa, huoni mapovu, kwa sababu shinikizo linaibana gesi ibaki ndani ya kinywaji. Fungua kizibo, mapovu yanapanda. Kwa Kivu, kizibo ni maji yenyewe. Kila mita 10 unazoshuka huongeza shinikizo karibu sawa na la hewa ya pwani. Ukifika mita 300, ni kama mara 30.

Lakini kwa nini maji ya chini hayapandi juu? Hapa kuna ajabu kidogo: ukishuka kilindini, maji yanazidi kuwa na joto, na sote tunajua maji ya moto hupanda. Kumbe yale ya chini yana chumvi nyingi na kaboni dioksidi, hivyo ni mazito. Yanakaa chini kama sukari uliyoimimina kwenye chai ukasahau kukoroga. Upepo wa kiangazi hukoroga makumi machache tu ya mita za juu. Huko ndiko kwenye oksijeni, na ndiko wanakoishi sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Hofu ya mwenzako haikutoka hewani. Tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos nchini Kamerun lilifoka. Kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo wingu lake lilitiririka mabondeni na kuua watu wapatao 1,700, wengi wakiwa wamelala. Nyos ni dogo sana ukililinganisha na Kivu.

Tofauti iko hapa: mapovu hayawezi kuanza mpaka shinikizo la gesi lizidi shinikizo la maji. Kwa Kivu, hata pale gesi ilipo nyingi zaidi, vipimo vinaonyesha imefika karibu nusu tu ya kiwango hicho. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma ikaingia ziwani, na gesi ya chini haikutikisika. Kwa hiyo usiku wa leo, lala. Ila si jambo la kusahau, ndiyo maana wanasayansi wanalipima ziwa hili mara kwa mara. Pia upande wa Rwanda, mradi wa KivuWatt unavuta maji ya kilindini hadi kwenye jukwaa linaloelea, unachuja methani na kuzalisha megawati 26 za umeme. Hatari inapungua kidogo, taa zinawaka.

Je, nchi kavu ni salama zaidi? Inategemea. Karibu na Goma na Gisenyi kuna mazuku, yaani mashimo na mabonde madogo ambamo kaboni dioksidi kutoka ardhini hujikusanya. Huioni, na imeshaua mifugo na watu. Wenyeji wakikwambia usikae pale, usibishane nao.

Na kuna gesi moja ya kuogopa zaidi ndani ya boti. Usiku wa milimani ni wa baridi, na utatamani kuingiza jiko la mkaa chumbani, ufunge na madirisha. Usithubutu. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Moshi wa jenereta nao ni hivyo hivyo. Unasinzia, kichwa kinauma, huamki tena.

Basi, omba blanketi la pili, jiko libaki nje, acha dirisha wazi kidogo. Ziwa limekaa na gesi yake muda mrefu, na usiku wa leo litakaa nayo pia.