Adabu ya Kitenzi: Barua Pepe za Kiingereza Miongoni mwa Wanachuo wa Butembo na Beni

Makala hii inakusudia kuchunguza namna mwanachuo wa Butembo au Beni anavyoweza kuandika barua pepe ya Kiingereza iliyo wazi na yenye adabu. Suala hili halihusu sarufi peke yake. Mwandishi anayeijua sarufi vizuri aweza kuandika barua isiyo na kosa hata moja la kisarufi, na bado msomaji wake akaiweka kando kwa kuudhika.

Hali ya lugha katika sehemu hii ya Kivu ya Kaskazini inafahamika. Katiba ya mwaka 2006 inakitambua Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Mwanachuo wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989, mara nyingi hutumia Kinande nyumbani, Kiswahili sokoni na Kifaransa darasani. Kiingereza humjia kikiwa lugha ya nne. Ni kweli kwamba huko Beni, tangu mwaka 2007, kipo chuo kikuu cha Kikristo kinachofundisha kwa Kifaransa na Kiingereza. Lakini mahitaji yamezidi uwezo wa chuo kimoja. Bidhaa za wafanyabiashara wa Butembo hushushwa Mombasa, zikapita Kampala na Kasese hadi mpaka wa Mpondwe na Kasindi. Wakati wa mlipuko wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, mashirika mengi ya kimataifa yalifika Beni na Butembo, na sehemu ya mawasiliano yao ilikuwa ya Kiingereza. Mwaka 2022 nchi ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo ombi la nafasi ya shahada ya pili huko Kampala, au la kazi katika shirika, huanza kwa barua pepe inayosomwa na mtu asiyemjua kabisa mwandishi. Hana uso wa kuutazama wala sauti ya kuisikiliza. Anayo barua tu.

Adabu hiyo inakaa wapi? Katika Kifaransa cha ofisini inaonekana kwanza katika kiwakilishi, kwani anayeheshimiwa haambiwi *tu* bali *vous*, na pili katika fomula ndefu za kufungia barua, ambazo mwanafunzi hukaririshwa tangu shule ya sekondari. Kiingereza nacho kilikuwa na *thou* ya mtu wa karibu na *you* ya heshima, lakini *thou* ilitoweka polepole katika matumizi ya kawaida, hata leo waziri na mtoto wote huitwa *you*. Fomula zake za kufungia nazo ni fupi mno. Mzigo wa adabu umehamia kwenye kitenzi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaomshauri mwanafunzi aanze na barua ya Kifaransa kisha aitafsiri. Si kwamba Kifaransa hakina vitenzi vya upole. Kinavyo, na *je voudrais* ni mfano mmojawapo. Lakini katika barua ya ofisini fomula humeza nafasi yote, na mwanafunzi akizitafsiri hupata sentensi ndefu ambazo Mwingereza huzicheka na Mganda huzistaajabia. Daraja lililo karibu zaidi ni Kiswahili. Sisi pia tunamwambia kila mtu *wewe*, na tunaitafuta heshima kwingine: katika majina ya udugu, katika salamu, na katika maumbo ya kitenzi. Msemaji asemaye “ningependa kujua” badala ya “nataka kujua” ametumia kiambishi *-nge-* kulisogeza ombi lake mbali kidogo, ili anayeombwa apate nafasi ya kukataa bila aibu. Kiingereza hufanya vivyo hivyo kwa *would* na *could*. Tena yule asemaye “nilikuwa naomba”, ilhali anaomba sasa hivi, ameutumia wakati uliopita kama pazia. Na Kiingereza nacho husema *I was wondering if you could*, ingawa kuwaza huko hakujapita hata kidogo. Mwalimu akiwaonyesha wanafunzi ulinganifu huu, wataona kwamba wanakutana na desturi waliyoizoea, wala si maneno ya kukaririwa.

Neno *please* linahitaji tahadhari. Wengi hudhani kwamba linatosha kuigeuza amri kuwa ombi. *Please send me the form* yafaa kwa karani ambaye kazi yake ni kutoa fomu. Kwa profesa asiyekujua, unayemwomba akuandikie barua ya mapendekezo, sentensi ya namna hiyo bado ni amri, ila imevalishwa kanzu.

Hatari kubwa zaidi ni maneno ya Kifaransa na Kiingereza yanayofanana sura na kutofautiana maana. *Demander* kwa Kifaransa ni kuomba au kuuliza; *demand* kwa Kiingereza ni kudai kwa nguvu. Fikiria basi mwanachuo aliyekusudia kuomba apunguziwe ada, akaandika *I demand a reduction of fees*. Ameinama kwa heshima, na msomaji amemwona akigonga meza. Vivyo hivyo *assister à* ni kuhudhuria, lakini *assist* ni kusaidia. Aandikaye *I assisted the conference* huenda akaulizwa alisaidia nini. *Actuellement* ni wakati huu. *Actually* ni kwa kweli, tena mara nyingi huwa na harufu ya kusahihisha aliyosema mwenzako. *Éventuellement* ni pengine. *Eventually* ni hatimaye, hivyo jambo lililokuwa la shaka hugeuka kuwa ahadi. Makosa haya hayaonekani kama makosa, na kwa sababu hiyo hakuna anayeyasamehe.

Kuhusu mpangilio, hapana haja ya maneno mengi. Mstari wa mada utaje jambo lenyewe, kwa mfano *Application for MA in Linguistics: missing transcript*, na usiwe salamu. Salamu moja fupi yatosha, kisha ombi lije katika sentensi mbili au tatu za mwanzo. Jambo hili huwatia wanafunzi wetu wasiwasi, kwa kuwa katika malezi yetu anayeingia na haja kabla ya kujuliana hali huonekana hana adabu. Hata hivyo, anayesoma barua hamsini kwa siku huona heshima katika kuokolewa muda wake. Ikumbukwe pia kwamba Kiingereza cha ofisi si kimoja: ofisi za Kampala na Nairobi bado hupenda *kindly* na *I humbly request*, maneno ambayo huko London yangeonekana ya kizamani. Ni vema kuusoma kwanza mtindo wa barua za ofisi unayoiandikia.

Lipo jambo la mwisho linalowahusu Wanande hasa, nalo ni sahihi. Majina yetu mengi huonyesha nafasi ya kuzaliwa: Kambale ni mtoto wa kiume wa pili, Kasereka wa tatu, Masika ni binti wa kwanza. Afisa wa Kasese, ambako Wakonjo wana majina ya asili hiyohiyo, atatambua mara moja kama anayemwandikia ni mwanamume au mwanamke. Afisa wa Nairobi hatajua, na akiwa na barua tano zilizotiwa sahihi ya Kambale peke yake hatajua amjibu yupi. Mwandishi na aweke majina yake yote kwa mfuatano uleule ulio katika hati zake, aongeze *Mr* au *Ms* pembeni, na chini yake ataje chuo na namba ya simu inayoanza na +243.