Hesabu za Sehemu kwa Njia ya Mchoro

Wazazi wengi husikitika kumwona mtoto ajuaye robo na theluthi akishindwa pindi hesabu iandikwapo kwa maneno. Twapenda kuwaonyesha njia iliyoanza kufundishwa katika shule za Singapore katika miaka ya 1980, nayo haitaki chombo ila kijiti na mchanga.

Hesabu ni hii: Mkulima aliuza robo ya magunia yake ya mahindi, kisha akalipa deni kwa theluthi ya yaliyosalia, yakabaki magunia 12. Je, kwanza alikuwa na mangapi?

Chora mstatili mrefu, uugawe vyumba vinne vilivyo sawa. Tia alama chumba kimoja, ndicho kilichouzwa, vimesalia vitatu. Theluthi ya vitatu ni kimoja. Nacho kitie alama, ndilo deni. Vyumba viwili vilivyobaki ndivyo magunia 12. Basi kila chumba ni magunia 6, na vyote vinne ni 24.

Neno la kuangaliwa sana ni “yaliyosalia”. Theluthi ya yote ni magunia 8, bali theluthi ya yaliyosalia ni 6. Asiyepambanua hayo atampa mdai wake magunia mawili bure. Kwa hiyo mtoto na achore kwanza, ndipo ahesabu.